Ya Kazini Hayaliwi Mezani

"Hivi wale wawili wa kwako wameoana, au wameshitakiana?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, tukianika nguo, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Alikuwa amebana vibanio mdomoni, lakini umbea haujawahi kuzuiwa na kibanio.

"Kwa nini unauliza hivyo, jirani?"

"Si dirisha langu linatazamana na la mkweo? Jana nimemsikia akisema, 'Kwa mujibu wa makubaliano yetu, naomba upande wako uthibitishe kabla ya saa sita.' Nikasema, leo kuna mtu kapelekwa mahakamani. Kumbe anaongea na nani? Na mumewe! Aliye chumba cha pili!"

"Alikuwa kazini."

"Kazini gani, shoga? Nilimwona kwa macho yangu kavaa malapa."

"Juu yuko kazini," nikamwambia. "Chini yuko nyumbani."

Alicheka mpaka vibanio vikamdondoka. Mimi nilicheka pia, ila swali lake niliingia nalo ndani, maana siku zile hata mimi nilikuwa sijui jibu lake.

Mwanangu na mkewe wameajiriwa na kampuni moja ya kuhamisha watu vyombo. Mtu akitaka kuhama nyumba anapiga simu, mkwe wangu anapokea, anamuuliza vitanda vingapi, ghorofa ya ngapi, kuna kioo, kuna mbwa. Kisha mwanangu anapanga gari gani liende na vijana gani wa kubeba. Bosi wao alipoona kazi yenyewe ni simu na kompyuta, aliifunga ofisi akabaki na gereji tu, akasema kila mtu afanyie kwake. Mwanangu akachukua chumba chao cha kulala, meza ikakaa kando ya kitanda. Mkwe tulimwondolea ndoo na magunia stoo tukampa stoo. Katikati yao kuna korido, na koridoni kuna kiti changu, kwa sababu mwanga wa mlango wa nyuma huangukia pale, nami macho yangu hayachambui mchele gizani.

Bosi ni mama mmoja mwenye sauti ya kukatia kuni. Wenyewe wakiwa peke yao humwita Kengele, kwa kuwa kila mkutano huufungua kwa kugonga kikengele cha mezani, kile cha kumwitia mhudumu. Kazini kwake watu hawana majina, wana kazi. Mkwe wangu anaitwa Mapokezi. Mwanangu anaitwa Magari. Kuna Hesabu, ambaye kila akifungua mdomo lazima jogoo wa kwao awike nyuma yake, na kuna Nyapara anayesimamia wabebaji huko barabarani. Siku ya kwanza kabisa Kengele aliwaambia wanangu: "Ninyi wawili, mkiwa kazini sitaki kujua kwamba mnalala kitanda kimoja."

Nao, ili wasizidiwe ukali na bosi, wakajitungia sheria yao ya upande wa pili. Ya kazini hayaliwi mezani. Jioni kompyuta zinafungwa, na mtu akisahau akaleta habari ya gari au mteja kwenye chakula, mwenzake anainua kijiko juu. Kijiko kikiinuka, mdomo unafungwa.

Mimi sheria hiyo niliipenda. Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi bomba, na kazi yake yote aliimalizia mezani. Nimekula miaka mingi nikisikilizishwa vyoo vya watu. Kwa hiyo nilipoona vijana wanakula wakizungumza habari za mvua na za ndugu, nilimshukuru Mungu, nikasema elimu ina faida.

Jioni moja tulikuwa tunakula, simu ya mkwe ikalia. Alikwenda kuipokelea barazani, akarudi haraka, hata hakukaa vizuri.

"Yule mwalimu mkuu mstaafu wa kesho," akaanza, "lile kabati lake..."

Kijiko juu.

"Neno moja tu, mume wangu."

Mwanangu akakiinua zaidi, kama askari anayesimamisha magari, na mkono wa pili akachukua kijiko changu akakiinua nacho. Tulicheka sote. Mkwe naye alicheka, akakaa, akala. Ila mimi nilimwangalia koo, nikaona pamoja na chakula amemeza kitu kisichokuwa chakula.

Asubuhi mwanangu huwahi sana mezani kwake. Alituma gari kabla mkewe hajamaliza kunywa chai. Mkwe alipofungua kompyuta na kuandika, gari lilikuwa limeshafika kwa mwalimu mkuu, na vijana walikuwa wameshalikumbatia kabati.

Kabati lile liliingia chumbani zamani, kabla mlango haujajengwa upya na kufanywa mwembamba. Lisingeweza kutoka mpaka seremala alifungue vipande vipande. Vijana hawakujua. Walisukuma. Likafika katikati ya mlango likagoma, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Na chumbani, nyuma ya kabati, alikuwemo mwalimu mkuu mwenyewe na kijana mmoja wa kubeba aliyekuwa akisukumia kwa ndani.

Nyapara alipokuwa akisimulia kwenye simu, mkwe aliiweka sauti juu na mimi nikasikia. Miwani ya mwalimu, mama wa watu, ilibidi ipitishwe juu ya kabati kwa ufagio. Maji nayo kwa ufagio. Kijana aliyefungiwa naye aliulizwa na mwalimu kwa nini hasimami wima, akaulizwa jedwali la kuzidisha la tisa, akakosea, akaambiwa arudie. Walipovunja fremu ya mlango kwa mtaimbo wakamtoa, kijana alikuwa ameloa jasho, na si la kabati.

Mimi nilicheka mpaka nikamwaga mchele. Sikujua kicheko kile kinakwenda kulipiwa na nani.

Kengele aliitisha mkutano hapo hapo. Kikengele kililia mara mbili, kutoka chumbani na kutoka stoo, maana nyumbani kwetu kila neno la bosi husikika mara mbili.

"Nani alijua habari ya huo mlango?"

Mwanangu akajibu upesi, ile upesi ya mtoto aliyekutwa karibu na chungu kilichovunjika. "Bosi, Magari hatukupewa taarifa. Kama Mapokezi angetoa taarifa kwa wakati, seremala angetangulia. Naomba siku nyingine mwenzetu awe makini."

Nilitazama mlango wa stoo. Nilingoja mkwe aseme: nilikwambia jana, mezani. Stoo kimya, hata kiti hakikulia. Na nikiwa nimekaa pale nikaelewa kwa nini. Mezani ni nyumbani, na ya nyumbani bosi amekataza yasiletwe kazini. Mezani asiseme ya kazini, kazini asiseme ya mezani. Mtoto wa watu amebanwa mbele na nyuma kama mwalimu mkuu nyuma ya kabati, na huyu hana hata wa kumpitishia maji kwa ufagio.

"Mapokezi, una la kusema?"

"Sina, bosi. Nitakuwa makini."

Jioni mwanangu akakaa mezani, akajipakulia, akatazama huku na huku.

"Mke wangu, mbona kimya? Ni lile la asubuhi?"

Mkwe akainua kijiko juu. Akakishikilia hivyo hivyo mpaka mumewe alipoinamisha uso kwenye sahani.

Toka hapo nyumba ikawa ofisi kweli. Alitaka taarifa? Akapewa taarifa. Simu ya mwanangu ililia kutwa nzima kama kifaranga kilichopotelewa na mama. Kila mteja alipimwa mlango, dirisha, ngazi, na hasira. Mkwe alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti anachoandika, kwa hiyo nilikuwa navipata vyote bure.

"Ndugu Magari. Mteja wa jokofu ana paka. Paka ni mweupe. Haumi, ila anapenda kulala ndani ya makasha. Tafadhali wabebaji wakague makasha kabla ya kufunga. Naomba uthibitishe kuwa umepokea habari ya paka."

Kutoka chumbani: "Nimepokea."

"Naomba uthibitishe kwa maandishi."

Mwanangu akatoka, nywele zimesimama. "Mama, nazama mimi. Tangu asubuhi nimeletewa upana wa milango ya mtaa mzima."

"Si ulitaka taarifa, baba?"

"Hivi bado amekasirika?"

"Muulize."

"Nimemuuliza. Ameniambia nitume ombi kwa njia za kawaida."

Nilimwambia akanywe maji. Alipopita jikoni, mkewe alikuwa huko anachemsha chai, wakapishana mlangoni kwa heshima kubwa, "pita wewe," "hapana, pita wewe," kama wageni wawili kwenye mlango wa benki. Mimi na marehemu tulikuwa tukigombana hadi kuku wanahamia kwa jirani, lakini likiisha limeisha. Ugomvi huu wa adabu ndio ulionitisha.

Na kweli kulikuwa na la kutisha. Nilikuwa naosha vyombo na mkwe, yeye akisuuza, mimi nikifuta, akasema bila kuniangalia:

"Mama, nimeomba kuhamishiwa tawini."

"Tawi gani tena?"

"Lile la mji mwingine. Kule bado wana ofisi, watu wanakaa meza moja. Mtu ukisema neno linasikika." Akasuuza sahani iliyokwisha kusuuzwa. "Jibu litatolewa Ijumaa kwenye mkutano. Nimekwambia kwa sababu sitaki uje ulisikie koridoni."

"Na mumeo?"

"Hayo ni ya kazini, mama. Atapata taarifa kwa wakati."

Sahani ilitaka kuniponyoka. Mji ule ni safari ya kulala njiani. Mimi nilizaa mtoto mmoja tu, wa kiume. Mungu alininyima binti tumboni akaja kunipa mlangoni. Tangu aingie nyumba hii sijawahi kuumwa peke yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu hahami mji kwa ajili ya kabati."

"Si kabati, mama. Alinilaumu mbele ya watu kwamba sikusema, naye ndiye aliyeninyamazisha. Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo kwenye mkutano nasikia watu wanangoja nikosee. Na usimwambie habari ya tawi. Nakuomba kwa huyo Mungu wako."

Alinifunga kwa Mungu, mahali ambapo mtu kama mimi akifungwa hafunguki. Niliahidi.

Nilisali, bila shaka nilisali. Ila sikumwelekeza Mungu afanye nini, maana sipendi watu wanaompangia Mungu magari. Nilimweleza tu hali ilivyo, yote, nikamwomba anipe kinywa kinachojua mahali pa kuishia. Siri ile ilikuwa na miiba. Kila mwanangu alipopita koridoni akiniuliza, "Mama, mbona unanitazama hivyo?" nilisema nachambua mchele.

Alhamisi jioni tukiwa tunakula, nikaona nikingoja zaidi nitakuwa nimengojea msiba. Nikakohoa.

"Mwanangu, ile siku ya kabati, mkeo alipokuwa anataka kusema..."

Kijiko juu.

Kwangu mimi. Niliyemfundisha kukishika.

"Teremsha hicho kijiko," nikasema. "Mimi sijaajiriwa na mtu."

Mkwe akapaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi kumsikia akikaribia kucheka.

"Mama, sheria ni sheria," mwanangu akasema, lakini kijiko kilikuwa kimeshashuka.

"Vizuri. Basi inukeni tutoke mezani. Twendeni koridoni. Koridoni si kazini, na si mezani. Kule hakuna mwenye sheria ila mimi na Mungu."

Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya kabati, kule kutazamana kwa kusema mama leo ana nini, lakini wakabeba vigoda. Korido yetu ni nyembamba. Wakikaa wawili wakatazamana, magoti yanagusana, hata kama mioyo haitaki.

Katika kikundi chetu cha akina mama wa sala, wawili wakikosana tuna desturi ya kuwakalisha. Mmoja anasema mpaka amalize. Mwenzake, kabla ya kujibu, anarudia kwanza alichosikia, mpaka yule wa kwanza aseme, ndivyo. Ugomvi mwingi hauishi hata hivyo, sitadanganya. Lakini angalau wanagombana juu ya jambo moja.

Nikawaeleza, kisha nikasema, "Anza, mkwe."

Alikuwa amekunja mikono. "Jioni ile mwalimu mkuu alinipigia simu. Akaniambia mlango ulijengwa upya, kabati halitatoka mpaka lifunguliwe na seremala. Nikaja kukwambia. Ukainua kijiko."

"Rudia," nikamwambia mwanangu.

"Amesema mimi ni mtu mbaya."

"Sikusema hivyo!"

"Baba, rudia ulichosikia, siyo unachokiogopa."

Akajikuna shingo. "Amesema mteja alimpigia simu. Akamwambia mlango ulijengwa upya. Akaja kuni..." Akasimama hapo. Akamtazama mkewe. "Kumbe ndilo neno lile?"

"Ulidhani ni lipi? Kwamba kabati linakusalimia?"

"Nilidhani ni jambo la kungoja asubuhi."

"Asubuhi ulituma gari mimi sijamaliza hata chai."

"Si ungeniambia chumbani?"

"Chumbani nako uliweka sheria. Ulisema hata ndotoni tusitaje wateja."

"Ungeandika."

"Kwenye kompyuta uliyoifunga wewe?"

"Polepole," nikasema. "Hapa hakuna anayerudia, mnarushiana tu."

Wakaanza upya. Mwanangu akarudia yote, safari hii bila kukosea, na kila neno lililomtoka lilimpunguza kidogo pale kigodani. Mkwe akasema, "Ndivyo." Mimi moyoni nikaanza kushukuru mapema, kosa la wazee.

"Basi, mke wangu, samahani," mwanangu akasema. "Yameisha?"

"Hapa tuko nani na nani?"

"Mimi, wewe, na mama."

"Na siku ile alikuwepo nani?"

Mwanangu akajikuna shingo tena.

"Kampuni nzima," mkwe akasema, taratibu kabisa. "Mume wangu, umenivua nguo uwanjani, unakuja kunifunika chooni."

"Unataka nikaseme kule? Bosi amekataza ya ndoa kazini, unajua."

"Mimi sikukwambia habari za ndoa. Nilikwambia habari za kabati."

"Nikisema hayo mbele yao, kosa lote litakuwa langu."

"Sasa hivi ni la nani?"

Mwanangu akainuka, magoti yake yakagonga ya mkewe. "Nitaona," akasema, akaingia chumbani. Mkwe akainuka, akarudisha kigoda mahali pake, akaniambia, "Asante, mama, umejitahidi," kwa sauti ya mtu anayemshukuru daktari aliyeshindwa.

Nilibaki koridoni na vigoda. Ningeweza kugonga mlango wa mwanangu nikamwambia neno moja, tawi, naye angetoka mbio. Lakini angetoka mbio kwa hofu ya kuachwa, si kwa kujua alilokosa, na mimi ningekuwa mtu wa pili nyumbani humu kumnyamazisha yule binti. Nikauma ulimi.

Ijumaa nilichambua mchele ule ule tangu mkutano unaanza. Kikengele kililia kulia na kushoto. Nyapara akatoa habari za safari. Hesabu akasema lake, jogoo akasema lake. Kisha Kengele:

"Kabla sijafunga, nina tangazo linalomhusu Mapokezi."

Mikono yangu ikasimama ndani ya ungo.

"Bosi, samahani." Ni mwanangu. "Nina neno kabla ya hilo."

"Magari, subiri zamu yako."

"Likisubiri nitashindwa kulisema, bosi."

Kengele akanyamaza, na yule mama kunyamaza kwake ndiyo ruhusa.

"Ni lile kabati la mwalimu mkuu. Nilisema hapa kwamba Mapokezi hakutoa taarifa. Haikuwa kweli. Alitoa, jioni ile ile. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Ulimnyamazishaje?"

"Kwa kijiko, bosi."

Nyapara, kwa heshima zote: "Kijiko cha kulia, au cha kujengea?"

Walicheka wote kwa pamoja, jogoo naye akawika. Nikasikia mwanangu anangoja wamalize.

"Cha kulia. Nyumbani tuna sheria kwamba mezani hatuzungumzi kazi. Alipoleta habari ya mlango nikainua kijiko, akanyamaza. Asubuhi nikatuma gari bila kumuuliza alitaka kusema nini. Kisha nikaja hapa nikamlaumu mbele yenu."

"Nilisema ndoa ibaki nyumbani," Kengele akasema.

"Hii siyo ndoa, bosi. Ni taarifa ya kazi. Ilifika kwa wakati ikanikuta nimefunga."

"Mapokezi. Ndivyo?"

Kiti cha stoo kikalia.

"Ndivyo, bosi," mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua ndoo baada ya kupanda mlima.

"Basi sikilizeni nyote," Kengele akasema. "Habari ya gari linaloondoka alfajiri haina meza wala kitanda. Nipigieni hata mimi nikiwa naoga. Na wewe, Magari. Fremu ya yule mwalimu bado imevunjika. Kila siku anapiga simu akimtaka 'huyo aliyetuma gari', na anayepokea hayo maneno yote ni Mapokezi, wala hajawahi kukutaja. Leo utakwenda mwenyewe na seremala. Utasimama pale mpaka mlango ukae sawa. Sasa hivi."

"Sawa, bosi."

"Sasa, Mapokezi, lile tangazo. La tawi. Wamekukubali. Nilisome?"

Chumbani kitu kilianguka, nadhani ni kiti. Nilikuwa nimeshika punje za mchele kiganjani na nilikuwa nazibana kama zitatoroka.

"Mapokezi? Nilisome?"

"Usilisome, bosi."

"Niliweke, au nilifute?"

Mahali fulani huko kwa bosi mkono wake uligusa kikengele, kikalia kidogo, bila sababu.

"Lifute," mkwe akasema.

Mlango wa chumbani ukafunguka kwanza. Mwanangu akasimama koridoni na shati lake la ofisini na malapa yake. Wa stoo ukafunguka. Mkwe akasimama naye. Mimi nilikuwa katikati na ungo, sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nikachambua.

"Tawi gani?" mwanangu akauliza.

"La mji mwingine."

"Ulikuwa unakwenda?"

"Nilikuwa nakwenda."

Mwanangu akafungua kinywa. Mkwe akainua kiganja, si kwa ubaya.

"Yetu baadaye. Kwanza nikupe habari za mteja, seremala asije akakungoja. Anakaa ghorofa ya pili. Usipige kengele, anaichukia, gonga. Usimwite bibi, mwite mwalimu. Viatu vua mlangoni, uvipange. Atakuuliza kwa nini ulituma vijana bila seremala. Usijitetee, mwache amalize, huwa anatua pale katikati, utadhani amemaliza kumbe anavuta pumzi. Mbao ya fremu iwe ya rangi ile ile, seremala ameshaambiwa. Na yule kijana aliyefungiwa naye ukimkuta pale usishangae, siku hizi anakwenda kufundishwa hesabu."

Alisema yote kwa mpangilio, polepole, na mwanangu alisimama akasikiliza, mikono imening'inia. Nilikuwa namtazama mdomo. Mara nyingi neno lilimfika pale mbele, na kila mara alilirudisha, akangoja. Hata mkwe alipotulia, alingoja kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba huenda anavuta pumzi.

"Ni hayo tu," mkwe akasema.

Mwanangu akamtazama mkewe muda ambao hata mimi, mama yake, niliona vizuri niangalie ungo. Kisha akaingia chumbani, akarudi na viatu, akavivaa pale pale koridoni akiegemea ukuta, akanipita, akampita mkewe kwa upande kwa sababu ya ufinyu, akafungua mlango wa mbele akatoka kwenda kwa mwalimu, bila neno la kujitetea.